Nani Atakayemwombea?

(Mazungumzo ya redio, yaliyopigwa chapa kwa ajili ya wasomaji wetu)

   Kama uko jikoni, usiache sufuria yako iungue, lakini tega sikio. Kama umetoka shambani, pumzika hapo kizingitini na unisikilize.

Jioni moja, wakati wa mvua za masika, mama mmoja wa kanisa letu alinijia nyumbani. Mkononi alikuwa na daftari la shule, amelifunga katika leso lisilowe maji. Mwanawe alikuwa amefungwa miaka saba kwa kuiba ng'ombe wawili. Na aliyeibiwa si mtu wa mbali. Ni mzee ambaye kila Jumapili huketi safu ya tatu, na mama huyu huketi nyuma yake, safu ya sita.

"Kasisi," akaniambia, "nimesikia ya kwamba mtu aweza kuandika barua kwa Rais kumwombea mfungwa. Mimi sikusoma sana. Niandikie wewe. Useme kijana wangu ni mtu mwema, wala hakufanya neno hili."

Nilinyamaza. Kijana yule namjua. Nilimfundisha yeye na wenzake mafundisho ya kipaimara. Nilijua pia kwamba aliiba, maana mwenyewe alikiri mbele ya hakimu. Basi nikamwambia mama arudi siku ya Ijumaa. Nilimwambia nina shughuli nyingi. Ndugu zangu, haikuwa shughuli. Ilikuwa hofu. Niliogopa uso wa yule mzee wa safu ya tatu.

Katika siku zile tatu nilikumbuka mambo niliyosoma nilipokuwa katika chuo cha theolojia, tulipofundishwa historia ya nchi ya Uingereza. Nikavitafuta vitabu vyangu vya zamani, nikasoma tena. Leo nataka niwasimulie niliyoyasoma, kisha nitawaambia yule mama alipata jibu gani kwangu.

Tangu mwaka 1714 hata mwaka 1830, Uingereza ilitawaliwa na wafalme wanne waliofuatana, na wote jina lao lilikuwa George. Katika siku zao sheria ya nchi ile ilikuwa kali mno. Mwishoni mwa karne ya 17 makosa yaliyompasa mtu kufa yalikuwa kama 50. Mwanzoni mwa karne ya 19 yalikuwa yamepita 200. Usidhani yote yalikuwa mauaji. Kwa sheria ya mwaka 1699, aliyeiba kwa siri dukani kitu cha thamani ya shilingi tano aliweza kunyongwa. Kwa sheria ya mwaka 1713, aliyeiba vitu vya shilingi 40 ndani ya nyumba ya mtu aliweza kunyongwa. Mwaka 1741 wizi wa kondoo nao ukaongezwa katika orodha ile. Na mwaka 1723 Bunge lilipitisha sheria moja iliyowapasa kifo watu waliojipaka masizi usoni wakaingia katika misitu ya wakubwa kuwinda paa, na makosa mengine mengi kama hayo.

Kwa nini ikawa hivyo? Waliotunga sheria Bungeni walikuwa watu wenye mashamba, mifugo na maduka. Nchi haikuwa na polisi kama tuwajuavyo sisi. Hata mji wa London haukupata jeshi lake la polisi mpaka mwaka 1829. Basi matajiri, kwa kuwa hawakuwa na walinzi wa kutosha, waliweka kamba ya mnyongaji ilinde mali zao. Walisema, heri watu waogope.

Lakini hapa pana jambo la kushangaza. Wanahistoria wamehesabu ya kwamba kati ya mwaka 1770 na 1830, katika Uingereza na Wales, watu wapatao 35,000 walihukumiwa kufa. Waliokwenda kunyongwa hasa ni kama 7,000. Idadi hiyo yatisha, naam. Lakini hebu fanya hesabu. Katika kila watu watano waliohukumiwa kufa, wanne hawakunyongwa. Walipona kwa njia gani?

Walipona kwa njia ya rehema ya Mfalme. Na rehema ile, mara nyingi, ilikuja kwa sababu mtu fulani aliketi chini akaandika barua ya kuiomba.

Nitawaeleza jinsi mambo yalivyokwenda. Kwanza, wale watu 12 walioketi mahakamani kuamua kesi walikuwa na njia yao. Ikiwa mtumishi ameiba vitu vya pauni tatu, wao walisema vina thamani ya shilingi 39, ili zisifike 40 na mtumishi asife. Walijua wasemalo si kweli, na jaji naye alijua. Lakini walikuwa na huruma.

Pili, majaji waliozunguka mikoani hawakuwaacha wote wanyongwe. Kabla ya kuondoka katika mji, jaji aliandika majina ya wale ambao yeye mwenyewe aliona wafaa kuhurumiwa, akayapeleka kwa serikali. Katika mji wa London mambo yalikuwa tofauti kidogo. Jaji wa jiji, aliyeitwa Rekoda, alikwenda mbele ya Mfalme na washauri wake baada ya kila kikao cha mahakama, akataja mmoja mmoja waliohukumiwa kufa. Huyu aishi, huyu afe. Jamaa za wafungwa walikaa wakingoja habari itoke barazani.

Tatu, zilikuwako zile barua za maombi. Ombi liliandikwa kwa Mfalme, nalo lilipitia kwa Waziri. Tangu mwaka 1782, ilipoanzishwa Wizara ya Mambo ya Ndani, maombi mengi yalifika huko. Waziri alimwandikia jaji aliyesikiliza kesi amweleze habari zake: ushahidi ulikuwaje, na je, mtu huyu anastahili kuhurumiwa? Barua hizo na majibu ya majaji zimehifadhiwa mpaka leo katika nyumba ya kumbukumbu za taifa huko London. Ni maelfu kwa maelfu. Nyingine zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa karani, nyingine kwa mkono wa mtu aliyeshika kalamu kama ashikavyo jembe.

Zilisema nini? Zilisema mambo ambayo wewe na mimi tungeyasema. Kwamba mfungwa ni kijana mdogo. Kwamba hili ndilo kosa lake la kwanza. Kwamba ana mke na watoto ambao wataangukia mikononi mwa parokia kama yeye akifa. Kwamba wazazi wake ni wazee na watu wa heshima. Kwamba alikuwa amelewa, au ana njaa, au alidanganywa na wenzake. Kwamba bwana wake wa zamani yu tayari kumrudisha kazini. Nyingine zilisema kwamba shahidi alikosea.

Chini ya barua zilipangwa sahihi. Kasisi wa parokia alitia jina lake. Wazee wa kanisa walitia yao. Majirani, mwajiri, wenye maduka, mara nyingine hata wale watu 12 waliomwona ana hatia. Na jina lililokuwa na uzito mkubwa lilikuwa jina la mshitaki. Siku zile si serikali iliyompeleka mwizi mahakamani. Ni yule yule aliyeibiwa. Yeye ndiye aliyemshitaki, na mara nyingi alilipia gharama kwa mfuko wake. Na bado, ukizisoma barua zile, unamkuta yeye naye ametia sahihi kumwombea mtu aliyemwibia. Alitaka kurudishiwa haki yake. Hakutaka kumwona kijana wa jirani akining'inia.

Lakini muda ulikuwa mfupi sana. Mikoani, kati ya hukumu na kunyongwa, zilipita wiki chache tu. Kwa mwuaji ilikuwa siku mbili, kwa sheria ya mwaka 1752. Katika muda huo ilibidi mama atafute mwandishi, azunguke kijiji akiomba sahihi, na barua ipelekwe London kwa farasi au kwa gari la posta, na jibu lirudi. Jibu likichelewa njiani, lilimkuta mtu amekwisha kufa.

Ndugu msikilizaji, usifikiri kwamba njia hii ilikuwa njema yote. Wahenga wetu walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini kule aliyehitaji rehema ilimpasa awe na mtu wa kumwombea, na mtu huyo awe anajulikana. Mfungwa aliyekuwa na bwana mkubwa nyuma yake alikuwa na tumaini. Mgeni, mzururaji, mtumishi asiye na jamaa katika mji, huyo alikufa kimya. Mwaka 1975 mwanahistoria mmoja, Douglas Hay, aliandika kwamba matajiri walizipenda sheria zile kali kwa sababu ziliwapa uwezo wa namna mbili: uwezo wa kuua, na uwezo wa kusamehe. Maskini aliyeponyeshwa leo na bwana wa kijiji, kesho ataweza kusimama kinyume chake? Hata rehema yaweza kufanywa mnyororo. Tulikumbuke hilo sisi tunaotoa msaada kwa mkono wa kuume huku wa kushoto ukishika daftari la madeni.

Sasa niwasimulie habari za watu watatu, msikie jinsi ombi lilivyoweza kuanguka na jinsi lilivyoweza kusimama.

Wa kwanza alikuwa kasisi kama mimi, wa Kanisa la Uingereza. Jina lake William Dodd. Alikuwa mhubiri hodari, na watu wa London walimiminika kumsikiliza. Aliwahi kuwa mmoja wa makasisi wa Mfalme. Lakini alipenda mavazi mazuri, karamu na makuu, na madeni yakamshinda. Mwezi wa Februari 1777 alighushi hati ya pauni 4,200 kwa jina la bwana mkubwa aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, Lord Chesterfield. Akagunduliwa. Fedha nyingi alizirudisha, lakini kughushi kulikuwa kosa la kifo, na mahakama ikamhukumu kufa. Hata wale watu 12 waliomwona ana hatia waliomba ahurumiwe.

Ndipo likaandikwa ombi kubwa. Watu 23,000 walitia sahihi. Samuel Johnson, yule mtungaji maarufu wa kamusi ya Kiingereza, ambaye hakuwa rafiki wa Dodd, aliombwa msaada, naye akakubali. Alimwandikia Dodd barua za kuomba, maneno ya kusema mbele ya mahakama, hata mahubiri ya kuwahubiria wafungwa wenzake katika jela ya Newgate. Lakini Mfalme George wa Tatu alikataa. Ilisemwa kwamba mwaka uliotangulia, 1776, ndugu mapacha wawili, Robert na Daniel Perreau, walinyongwa kwa kughushi. Je, akisamehewa Dodd kwa sababu ni mtu mwenye jina, ndugu wale watasemwa walikufa kwa nini? Tarehe 27 Juni 1777 Dokta Dodd alinyongwa, akiwa na umri wa miaka 48. Na siku ile ile, mahali pale pale, alinyongwa kijana mmoja aitwaye Joseph Harris, kwa kuwanyang'anya wasafiri wa gari pesa kidogo. London nzima ilikuwa ikimlilia Dokta.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Niliona aibu. Kwa maana mimi pia, kama angefungwa mtu mkubwa wa dayosisi yetu, nadhani kalamu yangu ingalikwenda mbio.

Wa pili alikuwa mpishi, msichana aitwaye Eliza Fenning. Mwezi wa Machi 1815, katika nyumba aliyofanya kazi London, watu walikula madonge ya unga aliyoyapika wakaugua. Ilisemwa ametia aseniki, sumu iliyokuwa ikitumiwa kuua panya. Hakufa hata mmoja. Eliza mwenyewe alikula madonge yale akaugua pamoja nao. Hata hivyo alihukumiwa kufa, na tangu siku hiyo hakuacha kusema kwamba hana hatia. Watu wengi wakamwamini. Maombi yakapelekwa kwa mwana wa Mfalme aliyekuwa akitawala mahali pa babaye mgonjwa. Lakini angalieni: jaji aliyemhukumu alikuwa Rekoda wa London, na Rekoda ndiye huyo huyo aliyepeleka habari za waliohukumiwa mbele ya baraza. Mtu akatiwe rufani kwa aliyemhukumu! Tarehe 26 Julai 1815 Eliza alinyongwa, akiwa na miaka 22. Siku ya maziko yake watu wapatao 10,000 walikuja. Walikuwa wamechelewa.

Mtauliza, basi ombi lina faida gani, ikiwa sahihi 23,000 zilishindwa, na machozi ya msichana yakashindwa? Nisikilizeni habari ya tatu.

Katika mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza, palikuwa na jela ndani ya ngome ya kale. Mwaka 1783 kijana Henry Kable alihukumiwa kufa pamoja na baba yake kwa kuvunja nyumba. Baba yake akanyongwa. Henry akahurumiwa kwa sharti la kupelekwa ng'ambo. Mwaka uliofuata, 1784, msichana Susannah Holmes naye alihukumiwa kufa kwa wizi wa nyumba, naye akahurumiwa kwa sharti kama lile. Zamani wafungwa wa namna hiyo walipelekwa Amerika, lakini makoloni yale yalikuwa yameasi, na njia ikafungwa. Basi Henry na Susannah wakakaa katika jela ile ile mwaka baada ya mwaka, wakapendana, na mwaka 1786 wakazaa mtoto mwanamume humo gerezani.

Mwaka ule ule ikaja amri kwamba wafungwa wapelekwe koloni mpya, Australia. Susannah alitajwa katika orodha, Henry hakutajwa. Askari wa jela aitwaye John Simpson akapewa kazi ya kuwasafirisha wanawake mpaka Plymouth, upande wa pili wa nchi, ambako meli kuukuu ilikuwa imefanywa jela. Walipofika, nahodha akampokea Susannah, lakini akakataa kumpokea mtoto. Alisema karatasi yake haikutaja mtoto. Mama akapandishwa melini akilia, na askari akabaki bandarini na mtoto mchanga mikononi.

Simpson angeweza kufanya nini? Angeweza kumwacha mtoto katika nyumba ya maskini akarudi kwake. Hakuna ambaye angemlaumu. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Lakini alipanda gari la farasi kwenda London, mtoto amempakata magotini, akimlisha njiani katika nyumba za wageni. Alipofika mjini akamwachia mwanamke mmoja amtunze, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Lord Sydney. Makarani wakamkataa. Askari wa jela, na vumbi la safari mwilini, atamwonaje Waziri? Hakuondoka. Akangoja mpaka alipomwona Waziri mwenyewe akishuka ngazini, akamkimbilia, akamweleza habari ya mama, na mtoto, na baba aliyebaki Norwich.

Lord Sydney alisimama akamsikiliza. Akatoa amri mtoto arudishwe kwa mamaye, na baba naye asafiri pamoja nao. Simpson akarudi Norwich kumchukua Henry, akawasafirisha baba na mwana mpaka Plymouth, akawakabidhi kwa Susannah. Magazeti yakaiandika habari hiyo, na watu wema wakachanga pauni 20 kuwanunulia vitu vya safari.

Meli 11 zilitweka tanga mwezi wa Mei 1787, zikafika Januari 1788. Tarehe 10 Februari mwaka huo kasisi Richard Johnson aliwafungisha ndoa Henry na Susannah katika nchi ile mpya. Na yale mazao ya ule mchango yalipopotea melini, wafungwa hawa wawili walimshitaki nahodha, na mwezi wa Julai mahakama ikaamua walipwe pauni 15. Watu waliokuwa wamehukumiwa kufa walisimama mbele ya jaji wakapewa haki yao. Henry akawa askari, halafu mfanya biashara, akafa mzee mwaka 1846. Na mahali walipotua palipewa jina la yule Waziri aliyesimama ngazini. Ndio mji mkubwa wa Sydney.

Lakini nisiifanye hadithi hii tamu kupita ukweli. Nchi ile mpya haikuwa mpya kwa wenyeji wake, waliokuwa wakiishi huko tangu zamani za kale. Wao hawakuulizwa. Wafungwa walipata uzima, na wenyeji wakapoteza nchi. Sisi wa Kenya tunaelewa neno hilo bila kuelezwa. Rehema inayolipwa na mtu mwingine asiyeulizwa haijawa rehema kamili.

Sheria zile kali zilianza kuondolewa kidogo kidogo. Mwaka 1808 Samuel Romilly alifaulu Bungeni kuondoa hukumu ya kifo kwa wezi wa mifukoni. Mwaka 1832 mwizi wa kondoo naye aliondolewa katika kamba. Barua zile za maombi zilisaidia, kwa kuwa kila moja ilimwonyesha Waziri uso wa mtu. Mtu akisoma maombi kumi, mia, elfu, mwisho hujiuliza kama si sheria yenyewe inayohitaji kusamehewa.

Uwezo ule wa Mfalme ulifika kwetu pamoja na sheria za Waingereza. Wakati wa ukoloni ulikuwa mkononi mwa Gavana. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya Hali ya Hatari, iliyoanza 1952, watu zaidi ya 1,000 waliponyongwa, na jinsi rehema ilivyokuwa haba. Baada ya Uhuru ukawa mkononi mwa Rais. Mwaka 2016 wafungwa 2,747 waliokuwa wamehukumiwa kufa walibadilishiwa hukumu kuwa kifungo cha maisha. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungo cha 133, inaeleza kwamba ombi la rehema laweza kuletwa na mtu ye yote. Halihitaji bwana mkubwa. Yule mama wa safu ya sita alikuwa amesikia sawasawa. Tena kifungo hicho kinasema kwamba kamati inayomshauri Rais yaweza kuyasikiliza maoni ya waliokosewa. Neno hilo ndilo lililonichoma.

Siku ya Ijumaa mama alirudi. Nikamwambia, "Mama, nitaandika. Lakini siwezi kuandika kwamba hakuiba. Nikiandika uongo juu ya ng'ombe wawili, hawataniamini juu ya mtoto wako." Alilia kidogo. Kisha akasema, "Basi andika kwamba aliiba, na kwamba mimi ni mama yake."

Tuliandika hivyo. Tukaandika umri wake, na kwamba alikiri tangu siku ya kwanza, na kwamba huko gerezani anajifunza useremala, na kwamba fundi mmoja hapa kwetu amekubali kumpa kazi. Wazee wawili wa kanisa wakatia sahihi. Halafu nikaichukua barua, nikaenda kwa yule mzee wa safu ya tatu.

Sitawaficha, miguu ilikuwa mizito. Alinikaribisha chai. Nikamsomea barua. Alinyamaza mpaka chai ikapoa. Mwishowe akauliza, "Kasisi, na ng'ombe wangu je? Nani ameniandikia mimi barua?" Sikuwa na jibu. Alisema kweli. Tulikuwa tumemzunguka mama kwa maombi, na yeye aliyeibiwa hakuna aliyekwenda kumpa pole tangu siku ya hukumu. Nikamwomba radhi. Tukaongea mpaka giza likaingia. Fundi yule na jamaa ya kijana wameahidi kumlipa ng'ombe mmoja kidogo kidogo, wameanza.

Mzee alitia sahihi wiki mbili baadaye. Chini ya jina lake aliongeza maneno matatu: asirudie tena kamwe.

Tazameni, ndivyo alivyofanya Paulo. Alipomwombea Onesimo kwa Filemoni, hakusema kwamba hakuna deni. Alisema deni liandikwe juu yake yeye mwenyewe. Mwombezi wa kweli hafichi kosa wala hamsahau aliyekosewa. Husimama katikati, na kusimama katikati kuna gharama. Na sisi tunaomwamini Kristo, tunajua ni nani aliyesimama katikati kwa ajili yetu, na alilipa nini.

Jibu la barua ile halijaja bado. Huenda likawa ndiyo, huenda likawa siyo. Kila Jumapili mama huniangalia mlangoni, nami humtikisia kichwa, bado. Lakini Jumapili iliyopita niliona jambo. Safu ya sita ilikuwa na nafasi tupu. Mama alikuwa ameketi safu ya tatu.

Ndugu msikilizaji, katika kijiji chako yuko mtu ambaye hana wa kumwandikia barua. Huenda yuko gerezani. Huenda yuko nyumbani, amefungwa na aibu. Na yuko mwingine aliyekosewa, anayengoja mtu aje amwambie pole. Usingoje karatasi yako imtaje mtoto. Mchukue, panda gari, ngoja pale ngazini.